Akiba haiozi? Waulizeni wakulima wa mihogo

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Kwa mkulima wa Kilifi au Kwale, na kwa mwenzake wa Busia au Migori, hapana zao lililouthibitisha msemo huo kama muhogo. Mahindi huvunwa kwa mkupuo mmoja, yakaanikwa, yakatiwa ghalani, na humo yakaviziwa na fukusi, panya na ukungu. Muhogo hauhitaji ghala, kwani ardhi yenyewe ndiyo ghala lake. Mwenye shamba huchimba shina moja leo kwa chakula cha jioni, akaliacha jingine hadi mwezi ujao, na mengine akayaweka hata mwaka mzima yakingojea siku ambayo mvua itakosa au karo ya shule itadaiwa. Hiyo ndiyo sababu iliyowafanya wakazi wa sehemu kame kulithamini zao hili, ingawa wengi wa mijini hulibeza na kuliita chakula cha mnyonge.

Akiba hiyo sasa yaoza. Kuna ugonjwa uitwao michirizi kahawia ambao hula kiazi cha muhogo kikiwa kingali ardhini, tena hula kimyakimya. Majani huweza kugeuka manjano kandokando ya vishipa, na shina changa likapata michirizi ya rangi ya kahawia, lakini aghalabu mmea husimama na kimo chake na majani yake, na mwenyewe hupita akiutazama bila ya wasiwasi. Siku ya kuchimba ndipo anapokata kiazi na kukuta ndani mabaka makavu, magumu kama kizibo cha chupa, yasiyopikika wala kusagika. Kadiri kiazi kinavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi. Kwa hivyo mkulima hulazimika kuchimba mapema, viazi vikiwa vidogo, na hapo ile faida kubwa ya muhogo, yaani uwezo wa kungoja, huwa imekwisha kumponyoka.

Ugonjwa wa pili, uliojulikana mapema zaidi, ni batobato. Huu hujitangaza. Majani hujikunja na kupata mabaka ya manjano na kijani, mmea ukadumaa, na viazi vikawa vyembamba au visiwepo kabisa. Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, na yote mawili huenezwa na mdudu mmoja mdogo, inzi mweupe, ambaye hufyonza utomvu chini ya majani. Hali kadhalika, yote mawili hupata msaada wa mtu asiyekusudia ubaya wowote: yule akataye pingili shambani mwake na kumpelekea jirani, mkwe au ndugu wa mbali ili naye apande.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja, kwamba kinga ya kudumu dhidi ya maradhi kama haya imo ndani ya mbegu, na kwamba mbegu hiyo haipatikani ila kwa kazi isiyokatizwa ya uzalishaji wa mimea, ikisaidiwa na bioteknolojia. Naisema hoja hii kwa kuwa humu nchini tumezoea kukosea kwa njia mbili. Ama twaichukulia kazi ya kuzalisha mbegu kuwa jambo la mara moja, likifanikiwa tukalifungia faili. Ama twaijadili bioteknolojia kama watu wajadilio imani, huyu akiilaani na yule akiisujudia, huku muhogo ukioza.

Tuanze na swali ambalo msomaji ana haki ya kuliuliza: kwani hapana dawa ya kunyunyizia? Jibu ni kwamba hakuna dawa ya shambani iwezayo kumwondoa virusi aliyekwisha kuingia katika mmea. Kilichopo ni dawa za kuua inzi mweupe. Lakini mwenye nusu eka ya mihogo hapati humo faida ya kumtosha kununua dawa msimu baada ya msimu, sembuse pampu na mavazi ya kujikinga. Zaidi ya hayo, inzi mweupe anajulikana duniani kote kwa wepesi wake wa kuzoea sumu; wale wachache wanaosalimika huzaa kizazi kisichojali dawa ile. Na hata wote wakifa leo, wengine huja kesho kutoka shamba la jirani. Njia hii humfilisi mkulima, hutia sumu majini, na hatimaye hushindwa.

Njia iliyobaki ni kuutafuta mmea ambao wenyewe hukataa kuugua. Katika jambo hili Afrika Mashariki ina historia ya kujivunia, ingawa ni wachache wanaoikumbuka.

Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, mnamo mwaka 1894, baada ya kuonekana katika nchi ya Usambara, iliyo leo katika mkoa wa Tanga. Katika milima hiyohiyo Wajerumani walijenga mwaka 1902 kituo cha utafiti cha Amani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kituo hicho kiliangukia mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey alikuwa hapo akichunguza virusi vya mimea. Ni yeye aliyeeleza mwaka 1936 ugonjwa mwingine usio batobato, akauita kwa ile michirizi yake ya kahawia. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walikusanya mihogo ya kila namna, ya wenyeji na ya ng'ambo, wakaipanda mahali penye maradhi mengi na kungoja kuona ni upi utakaosimama. Mingine iliugua kidogo kuliko mingine, lakini hawakuona katika jamii yote ya muhogo kinga ya kuwatosha.

Hapo ndipo walipogeukia jamaa wa mbali wa muhogo. Wajerumani walikuwa wamepanda katika koloni lao mti wa mpira uitwao Ceara, wenye asili ya Brazil kama ulivyo muhogo wenyewe, wakitumaini kutajirika kwa utomvu wake. Biashara hiyo ilianguka mnamo 1913 bei ya mpira ilipoporomoka, na miti ikabaki bila ya mtu wa kuigema. Lakini mti huo ni ndugu wa muhogo, na ulikuwa na ustahimilivu ambao muhogo haukuwa nao. Watafiti wa Amani waliuchanganya na muhogo kwa kuhamisha chavua ya ua moja hadi jingine. Mtoto wa kwanza alirithi kinga pamoja na mizizi ya kimti isiyolika. Wakamrudisha kwa muhogo, na uzao wake wakaurudisha tena, hata mara tatu, kila mara wakichagua mche wenye kinga ya babu yake na viazi vya bibi yake. Kazi hiyo ilichukua miaka ishirini.

Mwaka 1957 mradi wa muhogo wa Amani ulisimamishwa. Ilionekana kuwa kazi imekwisha. Bahati njema ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo mbegu za mmea mmoja, nambari 5318/34, zilikuwa zimepelekwa Ibadan, Nigeria. Huko zikazaa mihogo ambayo katika miaka ya 1970 ilitumiwa na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, chini ya mtafiti kutoka Korea, Sang Ki Hahn, kutengeneza aina zilizoenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hivyo kinga iliyotoka katika mti wa mpira wa Usambara ilisafiri hadi Afrika Magharibi. Na kisha ikarejea.

Ilirejea kwa sababu ya msiba. Mwaka 1988 wakulima wa Luwero, Uganda, waliona batobato kali kupita waliyoizoea. Ugonjwa huo ulienda kwa kasi ya takriban kilomita 20 kwa mwaka, ukiacha nyuma yake mashamba yaliyotelekezwa. Katika eneo la Teso, ambako muhogo ulikuwa chakula kikuu, watu walikumbwa na njaa. Katikati ya miaka ya 1990 ukavuka mpaka na kuingia Magharibi mwa Kenya. Wanasayansi walibainisha mwaka 1997 kuwa virusi vya aina mbili vilikuwa vimekutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana sehemu za maumbile yao, hata akazaliwa virusi mpya mkali kuliko wazazi wake. Uganda iliokolewa na mihogo iliyotoka Ibadan, miongoni mwayo ule uliopewa huko jina la Nase 3. Naam, mjukuu wa Amani ndiye aliyerudi kuwalisha jirani za Amani.

Laiti mambo yangaliishia hapo! Kwa miaka mingi iliaminika kwamba michirizi kahawia ni ugonjwa wa nyanda za chini tu, usiopita kimo cha mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Ulikuwa ugonjwa wa Pwani, na ya Pwani hayakuwakosesha wakubwa usingizi. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, juu ya kimo hicho. Baada ya hapo ukaenea katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria, ukafika Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Mihogo ile iliyoishinda batobato, iliyogawiwa kwa juhudi kubwa na kupandwa kila mahali, mingi yake ilikuwa haina kinga dhidi ya adui huyu wa pili. Mkulima aliyetolewa njaani miaka kumi nyuma alijikuta tena akichimba viazi vilivyooza.

Yapo hapa mafunzo mawili. Kwanza, virusi hapumziki. Hubadilika, huhama, hukutana na mwenzake. Asiyeendelea kuzalisha mbegu hurudi nyuma, hata kama amesimama palepale. Pili, ugonjwa unaopuuzwa kwa kuwa ni wa watu wa pembeni haukai pembeni milele.

Lakini kuna funzo la tatu, na hili lahusu mkulima mwenyewe. Miongoni mwa uzao wa Amani ulikuwamo muhogo nambari 46106/27. Mradi ulipofungwa nambari hiyo ilibaki katika makaratasi, ila mmea wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia mashambani. Katika Pwani ya Kenya uliitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo uliofahamika kwa jina la Namikonga, uliosifika kwa viazi visivyooza hata mihogo ya jirani ikioza. Watafiti walipokuja kuichunguza walikuta kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja. Kwa nusu karne, bila ya mshahara wala cheti, wakulima waliukata, wakaupanda, wakaukata tena, na hivyo wakaitunza mojawapo ya kinga bora zijulikanazo dhidi ya michirizi kahawia. Leo Namikonga ni mzazi muhimu katika vituo vya kuzalisha mihogo. Wanenao kwamba mkulima mdogo ni kikwazo cha maendeleo wangefaa kuyatafakari hayo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, bioteknolojia yaingilia wapi? Neno hili limetisha wengi kwa kuwa hutumiwa kana kwamba lina maana moja tu, ya kugeuza jeni. Kwa hakika ni sanduku lenye zana nyingi, na ni vyema kuzitenganisha.

Zana ya kwanza ni ukuzaji wa tishu. Mtaalamu huchukua ncha ndogo sana ya chipukizi, aghalabu baada ya mmea kuwekwa katika joto, mahali ambapo virusi huwa havijafika, na kuiotesha ndani ya chupa hadi iwe mche mzima ulio safi. Njia hii haiongezi wala kupunguza jeni. Ni usafi mtupu, na muhogo una haja kubwa ya usafi huo, kwani hupandwa kwa pingili, na pingili ya mmea mgonjwa huzaa mgonjwa. Hata hivyo mche safi usio na kinga ni kama nguo nyeupe siku ya tope: ukitoka nje utachafuka. Usafi na kinga sharti viandamane.

Zana ya pili ni kusoma vinasaba. Muhogo hutoa maua kwa shida na hukua polepole, na tangu kuchanganya wazazi wawili hadi kumpa mkulima aina mpya huweza kupita miaka minane au kumi. Mtafiti awezaye kupima jani la mche mchanga na kujua kama umerithi kinga hana haja ya kuungoja ukomae ili autupe. Tangu mwaka 2012, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ukishirikiana na vituo vya Nigeria, Uganda na Tanzania, umetumia usomaji huo kuharakisha uteuzi wa wazazi. Hapa pia hapana jeni iliyotoka nje; ni kazi ileile ya Amani, iliyopewa macho makali zaidi.

Zana ya tatu ndiyo yenye ubishi. Watafiti wa kituo cha Donald Danforth cha Marekani, wakiwa pamoja na wenzao wa Uganda na wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, waliingiza katika muhogo vipande vya maumbile ya virusi viwili viletavyo michirizi kahawia. Wazo lake si gumu kulifahamu. Mmea una askari wake wa ndani ambao, wakizijua alama za virusi, huukatakata ujumbe wake wa maumbile kabla hajaongezeka. Kuupa mmea kipande kile ni kama kuwabandikia askari picha ya mhalifu langoni. Muhogo mmoja uliotokana na kazi hiyo, uitwao 4046, ulipandwa katika mashamba ya majaribio yaliyozungushiwa ulinzi, zikiwemo sehemu za Mtwapa na Alupe, na viazi vyake vikasalimika. Mwezi wa Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia iliidhinisha kutolewa kwake ili ufanyiwe majaribio ya kitaifa yanayotangulia usajili wa kila mbegu mpya.

Ni haki msomaji aelezwe pia lililokwenda mrama. Muhogo uliotumiwa kuanzia kazi hiyo ulikuwa na kinga ya asili dhidi ya batobato. Ulipopitishwa katika chupa za maabara, ukageuzwa kuwa chembe tupu na kisha kuoteshwa upya, kinga hiyo ilipotea. Wanasayansi walilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 2016. Maabara ilikuwa imefunga mlango mmoja na kuufungua mwingine. Na walitengenezaje? Waliurudisha muhogo ule kwenye bustani, wakauchanganya kwa chavua na aina zenye kinga ya batobato, wakachagua watoto waliorithi kinga zote mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tukio hilo latosha kumnyamazisha yeyote adhaniaye kwamba bioteknolojia itaiweka kando kazi ya kale ya kuzalisha mimea. Bila ya mzalishaji, 4046 ungesalimika na michirizi kahawia ili ufe kwa batobato.

Wapo wapingao mihogo ya aina hii, na hoja zao zisikebehiwe. Wengine wanahofia afya. Hofu hii hujibiwa kwa vipimo vilivyo wazi, vya kila mmea peke yake, wala haijibiwi kwa kumwambia mwananchi kwamba hajasoma. Wengine wanahofia umiliki: kwamba leo mbegu itagawiwa bure, na kesho atatokea mwenye hataza kudai chake. Waasisi wa mradi wa muhogo wametamka kwamba mkulima hatatozwa ada ya hataza. Ahadi hiyo ni njema, na ahadi njema huwa bora zaidi ikiandikwa katika mkataba uwezao kusomwa na kila raia, kwa lugha aielewayo. Wengine tena wanahofia kwamba aina moja itafagia nyingine zote mashambani. Hofu hii ndiyo niionayo kuwa nzito kuliko zote, na yahusu hata mbegu ambazo hazijaguswa na maabara.

Sababu ni hii. Kinga inayotegemea jeni moja ni kama nyumba yenye komeo moja. Mwizi akipata ufunguo wake, vyumba vyote ni vyake. Kinga ya mti wa mpira ilitokana na jeni nyingi, kila moja ikitoa mchango mdogo. Baadaye ilipatikana katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi kinga yenye nguvu zaidi dhidi ya batobato, inayotokana na jeni moja. Ni rahisi kuirithisha, na kwa hivyo imetiwa katika aina nyingi mpya. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kuitambua jeni yenyewe. Hayo ni mafanikio, lakini pia ni onyo: tukiziegemeza aina zetu zote hapo, tumemwonyesha virusi komeo la kushughulika nalo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari za mihogo kutoka Amerika Kusini iliyovikataa virusi vya michirizi kahawia, ingawa virusi hivyo ni vya Afrika. Kuna utajiri ambao haujatumika. Busara ni kupanga makomeo mengi kwenye mlango mmoja: kinga ya Namikonga, kinga ya Amerika Kusini, kinga ya jeni nyingi ya Amani, na kwa wale watakaoikubali, kinga ya maabara. Virusi aliyejaaliwa kulivunja moja akutane na jingine.

Kwa upande wa pili, watetezi wa bioteknolojia nao wana deni la unyenyekevu. Mbegu haifaulu kwa kuwa imeshinda ugonjwa pekee. Kule Pwani muhogo uitwao Kibandameno umeendelea kupendwa ingawa huugua, kwa kuwa ni mtamu na hupikika vizuri. Kituo cha Mtwapa kimewahi kutoa aina za kustahimili maradhi, kama vile Tajirika, Shibe, Karembo na Nzalauka, jina ambalo ndani yake mna neno nzala, yaani njaa. Kila mojawapo ilibidi ipite mtihani ambao haufanywi maabara: mtihani wa chungu. Mama auzaye mihogo ya kukaanga barabarani hajali nambari ya jeni. Anataka kiazi kinachomenyeka, kisichokuwa na nyuzi, kisichochacha upesi. Mtafiti asiyemwuliza mwanzoni mwa kazi atajibiwa naye mwishoni, na jibu litakuwa ni mbegu iliyoachwa ikauke kando ya shamba.

Sasa tufanyeje? La kwanza, serikali itambue kwamba kuzalisha mbegu zenye kinga ni huduma ya kudumu, kama kutunza barabara au kuchanja watoto. Haifai kazi hii itegemee wafadhili ambao mradi wao una mwaka wa kuanza na mwaka wa kukoma. Amani ilifungwa 1957 kwa kuwa ilidhaniwa imemaliza. Gharama ya dhana hiyo ililipwa miongo kadhaa baadaye na watu ambao hawakuulizwa. Vituo vya umma kama Mtwapa, Kakamega na Alupe vipewe fedha za uhakika, na vijana wafundishwe kazi ya kuchanganya mimea bustanini, siyo ya maabara pekee.

La pili, pingili safi zifike shambani. Shina moja la muhogo hutoa takriban pingili kumi tu, ilhali gunzi moja la mahindi hutoa mbegu kwa mamia. Kampuni za mbegu hazioni humo faida, na huenda hazitaiona. Basi wasaidiwe wakulima na vikundi vya akina mama walio tayari kukuza pingili kwa kuuza vijijini, wapate miche safi kutoka katika chupa za watafiti, na wakaguliwe na maafisa wa kilimo wa kaunti wanaoijua batobato kwa macho. Afisa wa ugani ambaye hajawahi kupasua kiazi chenye michirizi kahawia hatamsaidia mtu.

La tatu, maamuzi kuhusu mimea iliyogeuzwa jeni yafanywe mchana kweupe. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo. Na tangu wakati huo mabishano yamehamia mahakamani. Mwananchi aliyeshuhudia mlango ukifungwa na kufunguliwa bila ya kuelezwa vya kutosha sababu za kufungwa wala za kufunguliwa ana haki ya kushuku. Matokeo ya majaribio ya muhogo, mema na mabaya, yachapishwe kwa Kiswahili na yasomwe barazani Kilifi na Busia, penye mihogo, kabla ya kusomwa katika hoteli za Nairobi. Yakiridhisha, mbegu ipewe nafasi yake pamoja na nyinginezo. Yasiporidhisha, ikataliwe, na isemwe kwa nini.

La nne, mihogo ya zamani isipotee. Kila aina ya kale inayoachwa kwa kuwa haina soko yaweza kuwa Kaleso nyingine. Gharama ya kuihifadhi katika mashamba ya vituo na katika chupa ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuitafuta siku ambayo haipo tena.

Mabadiliko ya hali ya hewa yanaifanya mvua kuwa mgeni asiyetoa taarifa, na kila mwaka twahubiriwa kwamba tupande mazao yanayostahimili ukame. Muhogo ndio wa kwanza katika orodha ya wahubiri hao. Lakini zao linalostahimili jua na kuanguka kwa virusi halimwokoi mtu na njaa. Humwongezea matumaini yasiyo na kitu. Iwapo twataka mkulima aiamini tena ardhi yake kuwa ghala, basi tuilipie kazi ya kulitia ghala hilo makomeo, na tuilipie kila mwaka, hata ule mwaka ambao hakuna mtu anayelalamika.